Kalamu ya Wino: Kuijaribu na Kubadili Nibu (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Majibu haya ni kwa wanaoandika kwa kalamu ya wino Dodoma, Singida na maeneo mengine ya kati, ambako hewa kavu, vumbi na maji ya visima vina nguvu kubwa juu ya kalamu. Msimamo wetu ni mmoja: ijaribu kalamu mpaka uijue tabia yake ndipo uguse nibu. Kalamu nyingi zinazolaumiwa kuwa na nibu mbovu, ukizikagua unakuta kosa liko kwenye wino, karatasi, uchafu au maji ya kuoshea.

Mnaposema nibu, fidi na konveta mna maana gani?

Nibu ni bamba la chuma au dhahabu linalogusa karatasi. Katikati lina mpasuo, na mpasuo huo huligawa mbele kuwa meno mawili. Kwenye ncha ya kila jino kuna punje ngumu ya metali iliyochomelewa. Hiyo ndiyo inayosuguana na karatasi, wala si chuma chenyewe. Nyuma ya mpasuo mara nyingi kuna tundu la hewa. Fidi ni kile kipande cheusi kilicho chini ya nibu, chenye mifereji myembamba ya kushusha wino na mapezi ya kushika wino uliozidi. Shingo ni pale vidole vinaposhika. Konveta ni kibomba cha kuvuta wino kutoka kwenye chupa, na katriji ni kile kinachouzwa kikiwa na wino tayari.

Kalamu ni mpya kabisa. Kwa nini niioshe?

Kwa sababu ya mafuta ya kiwandani yaliyobaki kwenye fidi na ndani ya konveta. Wino una asili ya maji, kwa hiyo ukikutana na mafuta unakatika: kalamu inaandika mistari miwili, inaruka neno, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Weka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye maji ya vuguvugu mililita 200. Vuta na kusukuma mara 10 hivi kwa konveta, kisha suuza kwa maji matupu mpaka povu liishe. Isimamishe nibu ikiwa chini juu ya tishu kwa saa kadhaa ili maji yaliyojificha kwenye fidi yanyonywe. Usipoyanyonya, wino wako wa kwanza utatoka mwepesi na utadhani umeuziwa wino uliochakachuliwa.

Maji ya moto hayafai. Plastiki ya fidi na shingo hupinda, na gundi ya baadhi ya kalamu huachia.

Maji ya bomba ya Dodoma yanafaa?

Kwa kuosha mara moja moja, ndiyo. Kwa kuloweka na kwa suuzo la mwisho, hapana.

Sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, na maji ya ardhini ya ukanda huu yana madini mengi. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai ndio huo huo unaobaki kwenye mifereji ya fidi kila maji yanapokauka humo. Mfereji wa fidi una upana unaokaribia unywele, kwa hiyo hauhitaji ukoko mwingi kuziba. Dalili yake ni kalamu inayozidi kuwa kavu mwezi hadi mwezi ingawa unaiosha kwa bidii.

Tumia maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kukusanywa tena, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea betri za gari. Hapa soma lebo kwa makini: maduka hayo hayo huuza pia asidi ya betri, mara nyingine kwenye chupa zinazofanana. Asidi itakula nibu na itakuunguza mikono. Kama huna uhakika na chupa, achana nayo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo, kisha yakachujwa kwa kitambaa, ni mazuri sana. Tatizo ni kwamba mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, hivyo weka akiba kwenye chupa iliyofungwa. Lita moja inatosha kalamu nyingi.

Nitumie wino gani wakati wa kujaribu?

Wino wa bluu unaofutika kwa maji, uliotengenezwa kwa kalamu za aina hii. Pelikan 4001 Royal Blue na Parker Quink ya bluu inayofutika ni mifano inayofahamika. Zinatiririka kwa wastani na zinaoshwa kirahisi. Ukijaribu kila kalamu kwa wino ule ule, tofauti unayoiona ni ya kalamu. Ukibadili kalamu na wino kwa pamoja hutajua kipi kimesababisha nini.

Wino wa muhuri, wino wa printa na wino mweusi wa kuchorea wenye gundi visiingie kabisa ndani ya kalamu. Wino wa kuchorea ukikauka ndani ya fidi hautoki kwa maji, na kalamu hiyo ndiyo imekwisha.

Nijaribuje kalamu dukani au nikiletewa nyumbani?

Anza na macho. Tafuta lenzi inayokuza mara 10, ile wanayotumia masonara, mafundi saa na wanunuzi wa madini. Mjini hapa wapo wa kutosha, na kuazima kwa dakika mbili si jambo kubwa. Itazame ncha ikikuelekea wewe moja kwa moja. Punje mbili zinatakiwa kuwa usawa mmoja, zenye ukubwa sawa. Kisha inua nibu kwenye mwanga: mpasuo uonekane kama mstari mwembamba unaozidi kubana kuelekea mbele, na kwenye ncha meno yawe yanakaribia kugusana. Mwishowe itazame kwa ubavu. Fidi ilale tumboni mwa nibu bila mwanga kupita katikati.

Sasa andika. Shika kalamu kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 55 na usikandamize. Uzito wa kalamu unatosha. Mkono uliozoea peni ya kawaida una desturi ya kukandamiza, na kwa nibu hiyo desturi huficha makosa: meno yanatanuka, wino unamwagika, nawe unaridhika na kalamu ambayo kwa mkono mwepesi isingeandika.

Chora mistari ya kulala kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto. Chora ya kusimama, juu kwenda chini na chini kwenda juu. Halafu namba nane zilizounganika, nusu ukurasa, bila kuinua mkono. Sikiliza na uhisi ni upande gani unakwaruza. Izungushe kalamu kidogo kwenye vidole, nyuzi chache kushoto na chache kulia, uone kama bado inaandika. Nibu inayokubali pembe moja tu itakuchosha.

Kama ipo na wino ndani, andika kwa kasi bila kupumzika kwa dakika tatu. Fidi mbaya huanza vizuri, kisha rangi inafifia polepole kwa sababu wino hauwahi. Baada ya hapo iache wazi mezani dakika tano, bila kifuniko, uone kama inaanza yenyewe. Kwa hewa yetu ya Julai hadi Oktoba hata kalamu nzuri inaweza kushindwa jaribio hili, kwa hiyo usiihukumu kwa hilo peke yake. Jaribio lenye uzito zaidi ni la kifuniko: ifunge, ilaze usiku kucha, na asubuhi iandike neno la kwanza bila kutikiswa. Ikigoma, kifuniko kinavujisha hewa, na hakuna nibu utakayobadili ikaponya hilo.

Muuzaji anakubali kuchovya tu, si kujaza. Inatosha?

Inatosha kwa ulaini na upana wa mstari. Haitoshi kwa mtiririko. Chovya mpaka usawa wa tundu la hewa, gusisha ncha kwenye mdomo wa chupa, kisha futa chini ya fidi kwa tishu. Mistari mitano ya kwanza ipuuze, kwa kuwa nibu iliyochovywa ina wino wa ziada kila upande na huonekana laini na nyevu kuliko itakavyokuwa ikijazwa. Hukumu yako ianze mstari wa sita.

Karatasi ipi?

Leta yako. Karatasi ya daftari za bei nafuu hunywa wino, mstari unanenepa na kuota nywele pembeni, na nibu ya M (upana wa kati) itaonekana kama B (pana). Jaribu kwenye karatasi utakayoitumia kila siku, na pembeni uwe na karatasi ya fotokopi ya gramu 80 kama kipimo. Usijaribu kwenye risiti wala kwenye ubao wa mbele wa kaunta buku.

Kalamu inakwaruza. Nibadili nibu?

Bado. Mara nyingi meno hayako sawa, na hilo hurekebishwa kwa ukucha.

Ukiwa umeshika kalamu kama unavyoandika, chunguza inakwaruza ikielekea wapi. Inapokwaruza ikienda kulia, jino la kushoto ndilo liko chini zaidi; linachimba karatasi kwa ukingo wake wa ndani. Inapokwaruza ikienda kushoto, tatizo ni jino la kulia. Hakikisha kwa lenzi. Kisha weka ukucha wa kidole gumba chini ya jino lililoshuka, karibu na ncha, lisukume juu taratibu kwa sekunde mbili au tatu, achia, tazama tena. Chuma kinarudi kidogo, kwa hiyo hutaona mabadiliko kwa mara ya kwanza. Ongeza nguvu kidogo kidogo. Anayetaka kumaliza kwa msukumo mmoja huishia na meno yaliyopishana upande wa pili.

Kama meno yako sawa na bado kunakwaruza pande zote, angalia kama kuna unyuzi wa karatasi au vumbi kwenye mpasuo. Katika msimu wa upepo, kalamu iliyoachwa wazi mezani karibu na dirisha hukusanya vumbi lile jekundu, likichanganyika na wino linakuwa tope. Ioshe kwanza.

Inateleza vizuri ila neno la kwanza halitoki.

Ukaushaji ni sababu ya kwanza. Weka kifuniko kila unapoacha kuandika, hata kama ni kumsikiliza mtu kwa dakika moja. Sababu ya pili ni punje iliyong'arishwa kupita kiasi. Kingo za ndani za mpasuo zinakuwa zimeviringwa, wino unaishia juu kidogo na haugusi karatasi mpaka ukandamize. Kwa lenzi utaona bonde kati ya punje mbili. Dawa yake ni kusugua sehemu ya mbele kidogo sana kwenye karatasi maalumu ya kung'arishia yenye chembe za kiwango cha 12000: chora namba nane mara kumi, bila nguvu, wino ukiwa ndani, kisha jaribu. Punje haioti tena, kwa hiyo anayesugua bila kusimama kujaribu anaimaliza.

Msasa wa duka la vifaa vya ujenzi hautakiwi hapa hata ule laini.

Mstari ni mkavu na umepauka.

Fuata mpangilio huu: osha, badili wino uwe ule wa kawaida, angalia kama konveta imekaa mpaka mwisho, mwisho kabisa, tazama mpasuo. Meno yakibanana sana, pitisha kijibati cha shaba nyeupe chenye unene wa milimita 0.05 kwenye mpasuo, kutoka tundu la hewa kuelekea ncha, mara tatu hadi tano. Wembe usiutumie. Una makali, unakwangua kuta za mpasuo, na mkwaruzo huo hubaki humo milele.

Inavuja kila ninapotoka Dar es Salaam. Ina ufa?

Huenda haina. Dodoma ipo takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na pwani. Hewa iliyomo ndani ya konveta hutanuka kadiri unavyopanda, na ikikuta wino mbele yake inausukuma nje. Kalamu iliyojaa kabisa ina hewa kidogo, hivyo haina cha kutanuka. Iliyo nusu ndiyo inayochafua mfuko wa shati. Kwenye treni ya SGR, basi au ndege, ijaze au imwage kabisa, na isimamishe nibu ikiwa juu ili hewa ndiyo iwe karibu na tundu la kutokea. Ukifika, ifungue ikiwa bado imesimama.

Kama inavuja ukiwa umetulia nyumbani, kagua konveta iliyolegea, nibu na fidi zilizoingizwa kombo, kisha ufa kwenye shingo. Joto la mkono pia hutanua hewa wino unapokaribia kuisha. Jaza kabla haujafika robo.

Nitajuaje nibu ipi inaingia kwenye kalamu yangu?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo soma kabla hujaagiza.

Namba 5 na namba 6 ndizo saizi zinazopatikana kwa wingi. Namba hizo hufuata ukubwa wa fidi inayokumbatiwa na nibu: fidi ya namba 5 ina kipenyo cha milimita 5 hivi, ya namba 6 ina kama milimita 6.5. Nibu ya namba 6 kwa kawaida ina urefu wa karibu milimita 35 kutoka ncha hadi kitako. Jinhao X450 na X750 hutumia namba 6, na nibu tupu za namba 6 za JoWo na Bock, viwanda viwili vya Ujerumani, huingia humo mara nyingi. Tumesema mara nyingi kwa makusudi: mkunjo wa nibu ukiwa tofauti na wa fidi, itaingia lakini haitakumbatia.

Nibu tupu ni kitu kimoja, nibu iliyokuja na fidi na kikombe chake chenye hesi ni kitu kingine. Hesi za JoWo na za Bock hazilingani hata kwa namba ile ile. Ukilazimisha, utakata hesi za shingo.

Kuna kampuni zenye mfumo wao wenyewe. Lamy Safari hupokezana nibu na AL-Star, Vista na Studio, lakini si Lamy 2000. Pilot Metropolitan, Kakuno, Prera na Penmanship hupokezana zenyewe kwa zenyewe, jambo zuri kwa sababu unaweza kununua Kakuno ya bei ya chini kwa ajili ya nibu yake. Kwa Pelikan, M200 na M400 zinapokezana; M600 inataka yake. Platinum Preppy na Plaisir nazo zinapokezana. Hizi mbili tunazipendekeza kwa ukanda huu kwa sababu nyingine kabisa: kifuniko chao kina kikombe cha ndani chenye springi kinachobana, na wino haukauki haraka.

Nibadilije nibu iliyosukumiwa tu, kama ya Jinhao?

Tafuta kipande cha tyubu ya baiskeli, kama sentimita 4 kwa 4, kilichooshwa kwa sabuni. Hakuna kifaa cha dukani kinachoshika nibu vizuri kuliko mpira huo.

1. Mwaga wino wote na suuza mpaka maji yatoke meupe. Loweka shingo kwenye maji yasiyo na chumvi, yasiyopashwa moto, kwa nusu saa, au usiku mzima kama kalamu ni ya zamani.

2. Piga picha ya nibu kwa juu, kwa chini na kwa ubavu. Weka rula ya milimita pembeni ili ujue nibu imetokeza kiasi gani kutoka kwenye shingo.

3. Zungushia mpira. Kidole gumba kiwe mgongoni mwa nibu, cha shahada chini ya fidi, vyote karibu na shingo iwezekanavyo. Usishike meno. Vuta moja kwa moja. Ikigoma, tikisa kidogo sana kushoto na kulia huku ukivuta, na ikigoma tena, rudisha kwenye maji. Fidi inayovunjika huvunjika hapa, kwa haraka ya mtu.

4. Chungulia ndani ya shingo kwa tochi. Kama kuna ubapa au mbavu upande mmoja, fidi inaingia kwa njia moja tu. Sugua fidi kwa mswaki laini.

5. Laza nibu mpya juu ya fidi. Mpasuo uwe juu kabisa ya mfereji wa fidi, bila kuegemea upande. Ukiwa umezibana pamoja kwa vidole vile vile, ziingize kwa wakati mmoja mpaka zifike kina kile cha kwenye picha.

6. Tazama kwa ubavu, kisha funga kifuniko polepole. Ukihisi ncha inagusa ndani, simama. Nibu haijaingia vya kutosha au ni ndefu kwa kalamu hiyo. Kifuniko kilichokazwa kwa nguvu kimeua nibu nyingi mpya.

Na Lamy?

Rahisi kuliko zote. Futa wino juu ya nibu, bandika selotepu mgongoni mwake, vuta mbele kwa mstari ulionyooka. Fidi inabaki. Nibu mpya iteleze kwenye reli za pembeni za fidi, kisha isukume kwa kidole gumba kwenye mabega mpaka isimame. Usiisukume kwa kugandamiza ncha mezani.

Na zile za hesi?

Loweka kama kuna wino mkavu. Shika nibu na fidi pamoja kwa mpira na zungusha kinyume cha saa. Kwa Pelikan, mwaga wino kwanza na urudishe nyuma pistoni (kisukuma wino kilicho ndani ya kalamu), maana ukifungua ikiwa imejaa utaoga. Wakati wa kufunga, anza kwa kuzungusha kinyume cha saa mpaka uhisi hesi zimekaa, ndipo ukaze. Nguvu ya vidole viwili inatosha.

Nina Hero ya zamani, nibu yake imejificha. Nayo inabadilishwa?

Inabadilishwa, ila si kazi ya kuanzia. Kofia ya shingo hufunguliwa kwa hesi ambayo mara nyingi imegandishwa kwa gundi, na kupanga nibu, fidi na mdomo wa kofia viwe mstari mmoja kunataka mazoea. Ioshe, ilinganishe meno, iache hivyo.

Nimebadili nibu, sasa haiandiki kabisa.

Fidi imekauka, haina wino. Zungusha kifundo cha konveta mpaka tone litokee chini ya nibu, rudisha matone mawili au matatu kwenye chupa, kisha ukiwa umeelekeza nibu juu rudisha kifundo nyuma kidogo ili kuvuta hewa. Futa. Ikiandika mistari kumi kisha ikakauka, kuna nafasi kati ya nibu na fidi: itoe, ipange upya. Fidi ya plastiki haikubali kupindwa kwa joto kirahisi. Ile ya eboniti hukubali, lakini mwachie fundi.

Nichague upana gani?

EF (nyembamba sana) na F (nyembamba) hufaa fomu zenye visanduku na daftari zinazokunywa wino. M ni ya barua na kazi za kila siku, B ya sahihi. Nibu za Japani ni nyembamba kwa takribani hatua moja: F ya Pilot inakaribia EF ya Ulaya. Ile iliyokatwa bapa ya milimita 1.1 hutoa mstari mnene wa kusimama na mwembamba wa kulala, na inavutia kwenye kadi za mwaliko, ila hukausha konveta upesi na haitaki kuzungushwa mkononi.

Nibu ya dhahabu inaandika vizuri zaidi?

Ulaini unatoka kwenye punje ya ncha, na punje ya nibu ya chuma inaweza kuwa sawa na ya dhahabu. Dhahabu haishambuliwi na wino wenye tindikali, na mara nyingi ina unyumbufu kidogo. Karati 14 maana yake ni asilimia 58.5 ya dhahabu, karati 18 ni asilimia 75. Kwa anayeanza, nibu tatu za chuma za upana tofauti zitamfundisha mengi kuliko moja ya dhahabu.

Natumia mkono wa kushoto.

Anayesukuma nibu badala ya kuivuta huhisi kila kosa la meno maradufu. Chukua nibu yenye punje ya mviringo, F au M, na wino unaokauka haraka. Lamy wana nibu iliyoandikwa LH. Epuka zilizokatwa bapa.

Mwanafunzi anaweza kuitumia kwenye mtihani?

Karatasi za mitihani ya NECTA huagiza wino wa bluu au mweusi, na michoro kwa penseli. Ajaribu mapema kwenye karatasi ya aina ile ile ya majibu, na aende na peni ya kawaida ya akiba. Asitumie wino unaofutika kwa maji. Tone la jasho linaondoa jibu.

Nimeiacha na wino miezi kadhaa, imeganda.

Usivute nibu ikiwa kavu. Loweka shingo kwenye maji yasiyo na chumvi siku mbili, ukibadilisha asubuhi na jioni. Nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, vuta maji, bana mdomo wake kwenye nyuma ya shingo kwa kipande cha mpira, sukuma polepole. Usilazimishe pakiwa pameziba. Jiki hutia kutu nibu ya chuma, na spiriti hupasua plastiki, hivyo vyote viwili weka mbali. Maji yakianza kupita, endelea mpaka tishu iliyogusishwa kwenye nibu ibaki nyeupe. Kama siku ya nne bado panaziba, hapo sasa kutoa nibu na fidi kuna sababu: fuata hatua za juu, sugua mifereji kwa mswaki, rudisha nibu ile ile, kisha ijaribu upya kwa wino wa bluu.